Mkaa Ulio Ndani ya Gari Lako
Mazungumzo na watumiaji wa mafuta, Singida



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, nasi sote husikiliza kwa makini. Lakini petroli ikishaingia kwenye tangi, ni wachache wanaouliza inakwenda wapi. Si yote inayofika kwenye injini. Gari likiegeshwa juani mchana kutwa, sokoni Manyoni au Kiomboi, tangi hupata joto, petroli hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta upenyo.

Magari ya zamani yaliuachia hewani. Jimbo la California, Marekani, ndilo lililotangulia kudai uzuiwe, kuanzia magari mapya ya mwaka 1970. Dawa iliyopatikana ni mkaa. Si huu wa jikoni, ingawa ni ndugu yake: umetengenezwa ukawa na vitundu vidogo mno, navyo hunasa mvuke. Hukaa ndani ya kopo lililounganishwa na tangi kwa mpira. Injini ikiwaka na kupata moto, valvu hufunguka, hewa hunyonywa kupitia mkaani, na mvuke ule huenda kuunguzwa. Ulichokinunua unakitumia.

Adui wa kopo hili ni mazoea yetu. Nozeli imejikata yenyewe, dereva anasema, "Shindilia, ifike elfu hamsini kamili." Mafuta yanayoshindiliwa huweza kupanda hadi kwenye mpira wa mvuke na kuulowesha mkaa, nao ukilowa haunasi kitu. Taa ya injini huwaka, gari husumbua kuwaka baada ya kujazwa, harufu haiishi. Wapo mafundi wanaoling'oa kopo na kuacha mpira wazi. Gari litatembea, ndiyo. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na jiko la mama lishe liko chini vilevile.

Fundi akikwambia kopo limekufa, mwombe kwanza akague mipira, valvu na mfuniko wa tangi. Mfuniko uliopotea usizibwe kwa nailoni. (Wenye dizeli, haya hayawahusu sana, dizeli haigeuki mvuke kirahisi hivyo.)

Na nozeli ikijikata, mwambie mhudumu aichomoe. Lipa kadiri pampu inavyosoma, hata kama ni elfu arobaini na saba na mia tatu, kisha udai risiti yako.