Taa ya Usipa Inayofika Alfajiri
(Mazungumzo na kamati za parokia, Liuli)



Hapa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, usipa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Mvuvi huwasha taa mtumbwini, usipa hukusanyika penye mwanga, ndipo wavu huzungushwa. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa; siku hizi wengi hutumia taa za LED na betri. Taa ikizimika saa nane usiku, usipa hutawanyika na wavuvi hubaki gizani katikati ya maji. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza taa inang'aa kiasi gani, tuulize itawaka mpaka saa ngapi.

Tueleze kwa ufupi. LED nyeupe moja huhitaji volti 3 na kidogo. Tatu zikiungwa kwa mfuatano huhitaji kama volti 9.6. Zikiungwa moja kwa moja na betri ya volti 12, umeme hupita kwa wingi kuliko zinavyoweza kubeba. Zikipata joto huvuta umeme zaidi, mwisho huungua. Ndiyo maana kuna saketi ndogo iitwayo draiva, kazi yake ni kuzuia mkondo usipite kiwango kilichowekwa.

Kiwango hicho huwekwa na rizista, na rizista hubadilishwa. Kwa draiva yenye chipu ya PT4115, gawanya 0.1 kwa ohm za rizista, utapata ampea. Ohm 0.1 hutoa ampea 1, ohm 0.2 hutoa nusu ampea.

Tuchukue betri ya asidi ya ampea-saa 7, na tutumie nusu yake tu ili isife mapema. Kwa ampea 1, LED zetu tatu zitawaka chini kidogo ya saa 4. Kwa nusu ampea, zitakaribia saa 8, yaani usiku wa kazi. Mwanga utapungua, lakini utakaobaki ni zaidi ya nusu, kwa kuwa LED hutumia umeme vizuri zaidi mkondo unapokuwa mdogo. Joto nalo hupungua. Hata hivyo, LED zifungwe juu ya bati la alumini, na draiva ikingwe na maji.

Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Fundi redio anayejua kuchomelea kwa risasi anaiweza, mradi apime mkondo kwa mita kabla taa haijaingia ziwani.

Ndugu zetu, tunaziomba kamati, kabla ya kuandika ombi la taa, zikae na wavuvi na kuhesabu saa za kazi, kisha zimtafute fundi wa hapa hapa. Na wafadhili wetu, tunawaomba mnapochangia taa mchangie pia rizista, draiva za akiba na mita. Taa isiyoweza kutengenezwa kijijini ni msaada wa msimu mmoja. Ile ambayo fundi wetu anaweza kuifungua, kuipima na kuirekebisha itaendelea kumlisha mvuvi na familia yake hata mradi utakapokwisha.