Maneno juu ya Ekmea, Ua Lililo Ndugu ya Nanasi

Maneno kwa wakulima wa vijiji vilivyo karibu na machimbo

Leo hatusemi juu ya mihogo wala mahindi. Tunasema juu ya ua linaloitwa ekmea. Katika vitabu jina lake ni Aechmea fasciata. Watu wa mjini hupenda kuweka maua ya namna hii barazani, na mtu wa kijiji anaweza kuyakuza na kuyauza. Lakini ekmea ina adui, na adui huyo anakaa kwetu Katanga: ni shaba. Asiyejua jambo hili atapoteza kazi yake bure.

1. Ukoo wake. Ekmea ni ya ukoo mmoja na nanasi. Kwao ni Brazili, katika misitu ya Rio de Janeiro, na huko hukaa juu ya matawi ya miti. Hainyonyi mti ule. Inaushika tu kwa mizizi. Katika Afrika nzima ukoo huu una mmoja tu aliyezaliwa hapa, naye yuko Guinea, juu ya mawe. Wengine wote, hata nanasi, waliletwa na watu.

2. Namna ya kuitambua. Tazameni majani. Ni mapana, yamezunguka pamoja kama kikombe, na kikombe hicho kinashika maji. Nanasi haina kikombe cha namna hii. Mkonge una majani manene, lakini haushiki maji katikati. Jani la ekmea lina mistari ya unga mweupe kama fedha. Ukilisugua kwa kidole, unga unatoka, basi msilisugue. Kando ya jani kuna miiba midogo myeusi. Ua linatoka katikati ya kikombe: kichwa chekundu-cheupe chenye miiba, na ndani yake maua madogo ya buluu, ambayo yakizeeka yanakuwa mekundu.

3. Kwa nini shaba inaiua? Miti mingine hunywa kwa mizizi. Ekmea hunywa zaidi kwa majani yake, katika kikombe kile. Shaba ikiingia ndani ya kikombe, inaunguza moyo wa mmea, nao unaoza. Kwetu kuna maua yanayovumilia shaba, hata yanaota juu ya udongo wake, na watu huyaita maua ya shaba. Ekmea si ya namna hiyo. Kwa hiyo:
Msiimwagilie maji ya mto ambamo watu wanaosha mawe ya machimbo.
Msiweke maji yake katika chombo cha shaba.
Msiifunge kwa waya wa shaba.
Msiinyunyizie ile dawa ya buluu ya nyanya na viazi, kwa maana imetengenezwa kwa shaba.
Msichukue udongo wa shimo la machimbo.
Maji mazuri ni ya mvua. Mvua inapoanza, ngojeni kwanza ioshe vumbi la paa, kisha kingeni maji katika ndobo ya plastiki au chungu.

4. Kupanda. Chukueni chungu kidogo chenye matundu chini. Changanyeni majani yaliyooza, mchanga mkubwa na makala yaliyovunjwa vipande. Udongo mzito unaozesha mizizi. Wekeni chungu penye mwanga, lakini jua la saa sita lisikipige. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni baridi; ingizeni mmea nyumbani, na maji ya kikombe yawe kidogo.

5. Mbu. Maji yanayolala katika kikombe ni nyumba ya mbu. Katika kisiwa cha Trinidad na kusini mwa Brazili mbu waliozaa ndani ya mimea ya ukoo huu walileta malaria, hata serikali ikaiondoa msituni. Mbu wa malaria wa kwetu hupenda zaidi madimbwi ya chini, lakini mbu wengine huzaa popote penye maji kidogo. Basi kila siku ya tano inamisheni chungu, mwageni maji yote, tieni mapya. Mama mwenye watoto wadogo asisahau jambo hili.

6. Ua na watoto. Ekmea huchanua mara moja tu. Ua linakaa miezi mingi, kisha mama anakufa polepole. Wengi humtupa, nao wanatupa mali. Ngojeni: chini yake hutoka watoto, kama watoto wa ndizi. Mtoto akifika nusu ya urefu wa mama, mkateni kwa kisu kikali, mpandeni katika chungu chake. Kwa kawaida huchanua baada ya miaka miwili au mitatu. Kama mmea ni mkubwa nao haujachanua, mwageni maji ya kikombe, ufunikeni kwa mfuko pamoja na ndizi zilizoiva sana, siku saba. Hewa ya matunda yanayoiva inauamsha, na baada ya miezi michache ua linatoka.

Kumbukeni: maji ya mvua, mbali na shaba, kumwaga kikombe kila siku ya tano, kutotupa mama kabla ya kupata watoto. Anayefuata haya, kwa mmea mmoja leo atakuwa na mingi kesho.