Daftari haizuii damu

Maneno ya vuguvugu letu mbele ya wanafunzi wa huduma ya dharura, Bunia



Tuanze na aibu yetu wenyewe. Jioni moja, hapa Boulevard de Libération, moto mbili ziligongana. Motari mmoja alipasuka paja, damu inatoka kwa nguvu. Kati yetu kulikuwa mwenye alisoma huduma ya kwanza na kupata 16 kwa 20. Alijua yote kwa kichwa, lakini mikono ilikataa. Aliyezuia ile damu ni mama muuza ndizi: alikunja kitenge chake, akakandamiza, hakuachilia mpaka tukapata moto ya kumpeleka hospitali.

Mwenzetu hakukosa akili. Alikosa mazoezi. Hakuna siku hata moja mwalimu alimwambia: weka mkono hapa, kandamiza.

Njo maana tuko hapa. Ituri yetu, watu wanaumia barabarani, wengine wanaumizwa na vita kule Djugu na Irumu. Mara nyingi ambilansi yetu ni moto, mgonjwa kati ya watu wawili. Mtu mwenye kuvuja damu sana anaweza kufa kwa dakika chache, kabla hajamuona daktari. Zile dakika ni za yule aliye karibu naye.

Kampala, mwaka 2008, walifundisha zaidi ya watu 300: polisi, madereva wa taxi, viongozi wa mitaa. Hawakuwa waganga. Sasa sisi wenye kusomea hii kazi, tunashindwa juu ya nini?

Kwa hiyo tunasema:

Kwa wakubwa wa mashule: mtihani wa huduma ya dharura ufanywe kwa mikono. Mwanafunzi aonyeshe kufunga kidonda, kufunga mfupa uliovunjika kwa mbao ili usitikisike, kubeba mtu bila kumuumiza shingo.

Kwa serkali ya mkoa: tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, kila siku tunasikia neno dharura. Basi, vifaa vya mazoezi navyo ni dharura.

Kwenu wanafunzi: musingoje. Gunia lenye nguo za zamani linatosha kuzoeza mikono: kusukuma kifua mara 30, pumzi 2, mwendo wa 100 mpaka 120 kwa dakika. Halitachukua nafasi ya sanamu ya kweli, ile ya kupima kina cha sentimita 5, lakini mikono itazoea. Na muwaite wamotari, wajifunze pamoja nanyi. Wao njo wanafika wa kwanza.

Sisi tuko wengi wenye diplome bila kazi. Wakati tuko nao. Tutakuja na magunia, na vitenge, na miili yetu ya kufungwa bandeji.

Ile jioni isirudi ikitukuta tumesimama.