Kumchagulia Mwalimu Kitabu



Mada ya jioni hii inaweza kuonekana nyepesi. Vitabu vya ualimu, vya elimu jumuishi na vya stadi za kazi vimejaa madukani. Mwenye fedha atanunua, na asiye nazo atangoja msaada. Nimekuja kudai kwamba kuchagua ni kugumu kuliko kupata. Mara nyingi tunachagua kwa mambo yasiyogusa kazi yenyewe: jina la mwandishi, mng'aro wa jalada, muhuri wa ithibati, bei. Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja. Kitabu cha mwalimu au cha fundi kipimwe kwa kile ambacho msomaji anaweza kukifanya akishakifunga, kwa vifaa alivyo navyo, na akiwa na yule mwanafunzi ambaye kila siku huachwa nyuma. Kikishindwa hapo, kitapamba kabati tu.

Nianze na muhuri wa ithibati, maana ndio unaoaminiwa kuliko vyote. Tanzania ilipobadili sera yake ya vitabu mwaka 1991, kazi ya kuandika na kuchapa vitabu vya shule ilifunguliwa kwa wachapishaji binafsi, na baadaye ikawapo kamati ya kuviidhinisha, iliyojulikana kama EMAC. Kamati hiyo ilivunjwa mwaka 2013, baada ya makosa yaliyomo katika baadhi ya vitabu kulalamikiwa Bungeni, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikakabidhiwa kazi ya kuandaa vitabu vya kiada. Kenya nako, taasisi ya mitaala huchuja vitabu na kutoa orodha ya vilivyokubaliwa. Kazi hizi ni za lazima. Hujibu swali moja muhimu: je, kitabu kinafuata mtaala na hakina makosa ya wazi? Lakini hakuna kamati iliyoketi Dar es Salaam au Nairobi inayoweza kujua kwamba Darasa la Nne katika shule yako lina watoto tisini, kwamba mmoja wao ana ualbino, wawili hawasikii vizuri, na theluthi nzima bado wanababaisha kusoma. Hilo analijua mwalimu wa darasa. Kitabu cha kiada ataletewa. Cha ziada, cha rejea na cha kumwongoza katika ufundishaji atakichagua mwenyewe, au mtu asiyewajua watoto wake atamchagulia.

Je, kuna vitabu vilivyowahi kupita kipimo hiki? Vipo, na vingine ni vyetu. Kuanzia mwaka 1968, mradi wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa Mwanza na mikoa ya jirani kwa msaada wa UNESCO ulitoa vitabu vya kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha kilimo cha pamba. Wa migomba alikuwa na chake, mvuvi chake, mfugaji chake. Herufi na kazi vilikwenda pamoja, kwa hiyo mtu aliyekuwa anajikokota katika silabi alikuwa na sababu ya kurudi darasani wiki iliyofuata. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikusanyika kusikiliza redio, kiongozi wa kikundi akawasomea sehemu ya kitabu, wakaijadili, kisha wakaulizana: sisi hapa tutafanya nini wiki hii? Jibu lilikuwa kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili, na vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Tazameni kilichokifanya kitabu kile cha Mtu ni Afya kifae. Kilikuwa chembamba. Lugha yake ilikuwa ya kusomeka kwa sauti mbele ya watu ambao baadhi yao hawakujua kusoma, na hivyo asiyejua herufi naye alikuwa msomaji. Kilimfikisha msomaji kwenye mambo yanayoweza kutendwa kwa jembe na mikono, na hakikuachwa peke yake, kwa sababu kulikuwa na redio na kiongozi aliyepewa mafunzo. Anayechagua kitabu leo hana budi kuuliza maswali hayohayo: kinasomeka kwa sauti? Kila sura inaishia kwenye kutenda? Nani atakuwa kando ya msomaji akikwama?

Mfano wa pili unatoka mbali, ila umeshafika kwetu. David Werner, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa biolojia, alifanya kazi na wanavijiji katika milima ya Sierra Madre, magharibi mwa Mexico. Huko aliandika kwa Kihispania mwongozo wa afya ambao baadaye ulitafsiriwa katika lugha nyingi. Wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Kinachonihusu zaidi leo ni kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, Disabled Village Children. Werner mwenyewe ana ulemavu wa misuli tangu utotoni, na amesimulia jinsi wataalamu walivyomvisha vifaa vya miguu ambavyo yeye aliona vinamzidishia tabu. Kitabu chake kilitokana na kazi ya PROJIMO, karakana na kituo cha utengemao kilichoanzishwa mwaka 1981 katika kijiji cha Ajoya, kikiendeshwa na wanakijiji ambao wengi wao walikuwa na ulemavu. Fungua kurasa zake utaona vyuma vya mazoezi vya hospitali vimegeuzwa kuwa fito mbili zilizofungwa kwenye nguzo uani, na mtoto anajifunza kutembea katikati yake kwa kuzishika. Hakuna kitu katika mchoro ule ambacho mzazi wa Kilosa au Kitui angelazimika kukiagiza. Kila kifaa kilijaribiwa na mtoto aliyekihitaji, na kilipomuumiza kikabadilishwa. Hii ni alama ya kuitafuta katika kitabu chochote cha elimu jumuishi: je, wanaozungumziwa humo walishiriki kukitengeneza, au walikaa kama mfano wa kupigwa picha?

Elimu jumuishi haipungukiwi na matamko. Tamko la Salamanca ni la mwaka 1994. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ni wa 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa walimu hurudia matamko hayo kwa sura tatu nzima, na mwalimu anafika ukurasa wa themanini bila kuambiwa kesho asubuhi mtoto kiziwi akae wapi. Kwa hiyo nawashauri mkikishika kitabu cha namna hii, rukeni dibaji. Kifungueni katikati. Tafuteni shughuli moja, mkajaribu kuifanya.

Halafu kipimeni kwa masikio na kwa macho. Fumba macho, mwenzako akusomee ukurasa mmoja wa kitabu cha sayansi. Kila utakapokutana na maneno kama "angalia mchoro" au "kama inavyoonekana hapo juu", jiulize kama bado unaelewa. Pale ulipopotea ndipo atakapopotea mwanafunzi asiyeona, hata ukurasa huo ukigeuzwa kuwa nukta nundu, kwa sababu mchoro ulibeba maelezo ambayo maneno hayakubeba. Kisha geuza: ziba masikio, uangalie tu hatua zilizochorwa. Kama zoezi haliwezi kueleweka bila mwalimu kulisema kwa mdomo, mtoto kiziwi amebaki nje, na mwalimu asiyejua Lugha ya Alama ya Tanzania hajasaidiwa kitu.

Hata karatasi ina neno. Karatasi nzito inayong'aa ndiyo muuzaji huisifia, na kweli kipya kinyemi ingawa kidonda: kwa mtoto mwenye ualbino au uoni hafifu, mwanga wa dirishani ukipiga kwenye ukurasa huo herufi humezwa na mng'aro. Karatasi isiyong'aa, wino mweusi, herufi kubwa na nafasi ya kutosha kati ya mistari vitamfaa kuliko picha za rangi nne. Navyo havimdhuru mwingine yeyote darasani.

Lipo kundi kubwa zaidi la wanaoachwa nje, nalo halina jina katika orodha za ulemavu. Ni watoto ambao kitabu kimewazidi. Tathmini za mpango wa Uwezo, zilizoanza Afrika Mashariki karibu mwaka 2010, zilituonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu hawawezi kusoma hadithi ya Darasa la Pili. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya darasa, mtoto hajafika darasa hilo isipokuwa kwa daftari la mahudhurio. Na kwa Tanzania, mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili hukabidhiwa Kidato cha Kwanza kitabu cha fizikia cha Kiingereza, akatakiwa ajifunze lugha na kanuni za mwendo kwa mkupuo mmoja. Hapa mwalimu anayo njia ya haraka ya kupima kama kitabu kinamfaa mtoto, nayo inatumika sana duniani. Mpe mtoto asome kwa sauti maneno mia moja. Akikosea zaidi ya kumi, kitabu kimemzidi; akikosea kati ya matano na kumi, atakimudu akisaidiwa; chini ya hapo, mwachie asome mwenyewe. Niongeze tahadhari: kipimo hiki kilikomazwa kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi. Katika Kiswahili neno moja kama "hawakutusomesha" limebeba sentensi nzima, kwa hiyo usiishie kuhesabu makosa. Muulize alichosoma kinasema nini.

Sasa nije kwenye stadi za kazi, ambako kosa la kuchagua linaweza kuua. Mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari, na shule ambazo hazikuwahi kuwa na karakana sasa zinatafuta vitabu vya umeme, useremala, ushonaji, upishi na kilimo. Wengi wataviokota kwenye maboksi ya msaada. Chukueni kitabu cha ufundi umeme kilichochapwa Uingereza miaka ya 1980. Kitakufundisha kwamba katika nyaya za ndani ya jengo, nyekundu ni waya wa moto na nyeusi ni nyutro. Uingereza ilianza kubadili rangi hizo mwaka 2004, na mwaka 2006 mpya zikawa za lazima: moto ukawa kahawia na nyutro ikawa buluu. Katika njia tatu za umeme, rangi za moto sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu. Someni tena: nyeusi, ambayo kitabu cha zamani kinaiita nyutro, katika waya mpya inaweza kuwa na moto. Na buluu, ambayo leo ni nyutro, zamani ilikuwa mojawapo ya njia tatu za moto. Kijana anayejifunza kwa kitabu kile, kisha akafungua jengo lenye nyaya mchanganyiko, za zamani na mpya, amepewa kitabu cha bure kitakachomgharimu vidole au maisha. Kitabu hicho kina nafasi yake, mikononi mwa mkufunzi anayeeleza tofauti. Mikononi mwa mwanafunzi peke yake, kiondolewe.

Kwa hiyo kitabu cha ufundi kikaguliwe kwa mambo manne. Mwaka wake na viwango vinavyofuatwa. Vifaa: je, vinapatikana kwenye duka la vifaa la wilayani? Usalama: umetajwa kabla ya hatua husika, au umetupwa kwenye kiambatisho? La nne ndilo linalotambulisha mwandishi aliyewahi kushika kazi: je, kinaeleza kazi ikiharibika ufanyeje? Mshonaji aliyebobea ataandika kola ikivuta upande mmoja ufumue wapi. Aliyenakili kwa mwingine ataeleza kola inayokaa vizuri tu.

Nasikia pingamizi: mwalimu mwenye watoto tisini ana muda gani wa kuchunguza vitabu, na shule inayosubiri ruzuku ina fedha gani za kujaribia? Pingamizi hili ni la haki, ndiyo maana sipendekezi kamati mpya wala fomu ndefu. Napendekeza shule inunue nakala mbili kabla ya arobaini. Nakala moja iende kwa mwalimu wa darasa lenye watoto wanaotatizika zaidi, ya pili kwa mwalimu mgeni katika somo. Kila mmoja afanye shughuli moja kutoka katikati ya kitabu, kwa vifaa vilivyopo, kisha aandike nusu ukurasa: nini kilifanyika, nani alibaki nje, nini kilikosekana. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya jalada. Mwalimu atakayehamia shuleni mwaka kesho ataikuta.

Na chuo chetu kina sehemu yake. Kila mwaka tunawapeleka wanafunzi wa ualimu kwenye mazoezi ya kufundisha, nao hurudi na maandalio ya masomo ambayo tunayasahihisha na kuyafungia. Kila mmoja apewe kitabu kimoja cha kujaribu, arudi na nusu ukurasa wake, na maktaba yetu izikusanye karatasi hizo kwa somo na kwa darasa, wazi kwa mwalimu yeyote na kwa mchapishaji yeyote. Baada ya miaka michache tutakuwa na kitu ambacho orodha za ithibati haziwezi kutupatia: ushahidi wa walimu kuhusu kitabu gani kilifanya kazi, kwa mtoto gani, na kwa vifaa gani. Mkuu wa shule mwenye fedha kidogo atauliza kabla ya kununua, na mwandishi atajua ni ukurasa gani wa kuandika upya. Ombi langu kwa Kitivo cha Elimu ni kwamba kazi hiyo ianze na kundi litakalokwenda shuleni mwaka huu.