Stripi ya Sukari na Hewa ya Paje

Nimetakiwa nizungumzie jambo la sayansi lenye manufaa. Nimechagua stripi, kile kipande chembamba cha plastiki cha kupimia sukari ya damu, kwani si wachache humu wenye mzee wa kisukari nyumbani.

Stripi huchapwa kama fulana zinavyochapwa. Wino wa kaboni hupitishwa kwenye wavu, hukaushwa, kisha hutiwa kimeng'enya juu yake. Tone la damu likigusa, kimeng'enya huchukua elektroni za glukosi na mashine hupima umeme unaopita. Umeme wenyewe ni mdogo mno, basi kitu kidogo tu huuvuruga.

Clark na Lyons walitoa wazo la elektrodi ya kimeng'enya mwaka 1962, lakini ilitegemea oksijeni, na oksijeni ya damu haitulii. Mwaka 1984 wataalamu wa Oxford na Cranfield, Uingereza, walionyesha kuwa ferosini yaweza kubeba elektroni badala yake. Baadaye mashine nyingine zikafundishwa kukisia wingi wa chembe nyekundu, maana mwenye upungufu wa damu husomeka ana sukari nyingi kuliko aliyonayo. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinataka majibu 95 katika 100 yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa milimoli 5.6 kwa lita au zaidi.

Kazi yote hiyo huharibiwa na kopo lililoachwa wazi! Kopo lina kikaushio ndani, na nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30. Februari yetu hapa mnaijua. Nimemwona bibi mmoja kahamishia stripi zake kwenye bahasha, azichukue mkobani akienda kwenye mwani. Mashine haitanuna, itatoa nambari tu, na mtu atajidunga insulini kwa nambari hiyo.

Kwenye friji nako msiziweke. Kopo likifunguliwa nje, umande huingia. Na aliyemenya embe anawe mikono kwanza, akauke, ndipo ajichome.

Wenye mashaka na stripi zao wadondoshee ile dawa ya majaribio ya kampuni hiyo hiyo, walinganishe na nambari zilizochapwa ubavuni mwa kopo.