Adabu ya Safari za Mpira



Nimeombwa niseme juu ya safari za mpira. Tangu Singida United iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18, wengi wetu tumezoea kukodi basi kufuata timu za mkoa huu hadi Dodoma, kilomita zipatazo 240, au kupokea wageni uwanja wa LITI, ambao wazee bado huuita Namfua.

Safari hizo zina adabu yake. Nauli hulipwa mapema, mwenye orodha asiadhirike mbele ya mwenye basi. Kuku wa kienyeji aliyefungwa nyumbani huliwa pamoja, na mshabiki wa upande wa pili akipita hukaribishwa kwanza, utani baadaye. Mifupa na takataka hurudi nasi.

Jambo zito ni kurudi. Ni usiku, malori yaendayo Rwanda na Burundi yamejaa njiani, na dereva yu macho tangu alfajiri. Tukishinda humpigia kelele akanyage mafuta. Tukishindwa hulala sote, tukamwacha peke yake. Yote mawili ni hatari. Napendekeza kila basi liwe na mtu asiyekunywa, wa kuketi naye na kuzungumza naye. Akichoka, tulale Manyoni. Nami mtumishi wa serikali nasema: afadhali kuchelewa kazini siku moja kuliko kufikishwa nyumbani tumebebwa.

Ninyi mtakaokwenda UMISSETA, anzeni desturi hiyo sasa.