Kijana Anapokwenda Mafunzoni Ugenini: Mambo ya Fedha na Mikataba

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Chokocho, Wilaya ya Mkoani, Pemba



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani lisingalihitaji kikao hapa Chokocho. Kijana aliyetoka kusini mwa Pemba kwenda masomoni alivuka kwenda Unguja, akizidi sana Dar es Salaam, na kila mji ulikuwa na shangazi au mjomba wa kumpokea. Siku hizi vijana wa Zanzibar wanasoma Uturuki, India, China, Malaysia na kwingineko. Baada ya mwaka wa pili au wa tatu chuo huwataka waende kufanya mafunzo kwa vitendo katika kampuni, hospitali au kiwanda, na mara nyingi mahali penyewe ni mji mkubwa kuliko ule waliokwisha kuuzoea. Hapo ndipo mwanafunzi anapokuwa mlaji wa peke yake kwa mara ya kwanza: anapanga chumba, ananunua bima, anabadilisha fedha, anatia saini karatasi za lugha asiyoifahamu vyema. Na mambo yakiharibika, simu hupigwa nyumbani.

Tutaanza na nafasi yenyewe, kwa sababu hasara kubwa hutokea kabla kijana hajapanda hata boti ya Mkoani.

Mafunzo kwa vitendo ni kazi. Mwanafunzi hutoa muda wake na nguvu zake, naye hupata ujuzi, na pengine posho. Kwa hiyo, ikiwa kuna fedha ya kutembea, itembee kutoka kwa mwenye kazi kuja kwa kijana. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi huo katika kifungu chake cha 7: wakala wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada, si moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka. Wapo, ni kweli, wafanyabiashara wanaouza nafasi za mafunzo katika miji ya Ulaya waziwazi, kama bidhaa, pamoja na malazi na mtu wa kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Hatusemi kwamba wote ni matapeli. Tunasema kwamba ni bidhaa ghali, na kijana ambaye chuo chake kina ofisi ya mafunzo hana sababu ya kuinunua.

Tapeli naye hafanyi kama mnavyomdhania. Haji akaomba milioni moja. Tuchukulie kwamba anaanza na shilingi 150,000 za usajili. Wiki moja baadaye inakuja barua yenye nembo ya kupendeza na muhuri, ikimpongeza kijana kwa kuchaguliwa. Nyumba nzima hufurahi, na jirani hupelekewa habari. Kisha zinatakiwa 600,000 za kushughulikia viza, na baada ya hapo 400,000 za bima. Sasa ni 1,150,000, na mzee anajisemea kwamba akiacha hapa zile za mwanzo zitapotea. Hofu hiyo ya kupoteza kilichokwisha tolewa ndiyo anayoifanyia biashara tapeli. Mikarafuu ya urithi hukodishwa kabla ya msimu, ng'ombe huuzwa, mama huutoa mchezo wake wa mwani. Barua ya mwisho haiji.

Basi, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, fanyeni haya. Itafuteni kampuni iliyotajwa kwa njia yenu wenyewe, msiitumie namba ya simu iliyoandikwa ndani ya barua, kwani aliyeghushi barua ameghushi na namba. Tazameni anuani ya barua pepe: kampuni kubwa haiandiki kutoka anuani ya bure ambayo mtu yeyote huifungua kwa dakika tano. Mwulizeni mwalimu msimamizi wa chuo kama anaijua nafasi hiyo. Kama safari yenyewe ni ya kwenda kuanza masomo nje, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayowatambua mawakala wa kupeleka wanafunzi, na ndiyo inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa mwanafunzi anayekwenda kusoma nje. Na malipo ya Serikali, yakiwemo ya pasipoti, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hayalipwi kwenye simu ya mtu, hata kama mtu huyo ana kitambulisho shingoni.

Lipo jambo zito zaidi ya fedha, nasi hatuoni vyema kulipita. Mwezi wa Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu mpango uitwao Alabuga Start, ulioko Yelabuga katika Tatarstan, nchini Urusi. Wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi za Afrika, zikiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda, walivutwa na matangazo ya mitandao ya kijamii yaliyowaahidi tiketi ya bure, mshahara, na masomo pamoja na kazi katika fani kama za hoteli na upishi. Baadhi yao walijikuta katika kiwanda cha kuunganisha ndege zisizo na rubani za kivita. Tazameni kwamba hapa hakuna aliyeombwa ada. Tiketi ilikuwa ya bure. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambieni kwamba kisicho na malipo ni salama. Swali la pili lazima liulizwe: kazi yenyewe ni ipi, mahali gani, na nani mwingine aliyekwisha kuifanya ambaye kijana anaweza kuzungumza naye? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, safari na isimame.

Nafasi ikiwa ni ya kweli, yafuata makaratasi. Kila nchi ina sheria yake, na kijana asikubali kuongozwa na maneno ya mwenzake aliyeko nchi nyingine. Ufaransa, mafunzo huandikiwa mkataba unaotiwa saini na pande tatu, yaani chuo, mwenye kazi na mwanafunzi, na yakizidi miezi miwili mwenye kazi hulazimika kulipa posho. Ujerumani, mwanafunzi kutoka nchi kama yetu anaruhusiwa tangu Machi 2024 kufanya kazi siku kamili 140 kwa mwaka, ingawa mafunzo ambayo ni sehemu ya lazima ya masomo huhesabiwa kwa namna yake. China, mwanafunzi wa kigeni hahitaji idhini ya chuo pekee. Kibali chake cha ukaazi lazima kiandikwe na polisi wa uhamiaji kwamba ameruhusiwa kufanya mafunzo nje ya chuo. Asiyekuwa na maandishi hayo huhesabiwa kuwa anafanya kazi kinyume cha sheria, hata kama halipwi kitu. Na pasipoti ni mali ya Serikali iliyoitoa. Mwajiri akitaka kuiweka "kwa usalama", apewe nakala.

Sasa nyumba. Hapa kwetu mgeni hapewi chumba kwa karatasi, na labda ndiyo maana vijana wetu hutia saini bila kusoma. Kanuni ya kwanza: mtu asilipie chumba ambacho yeye, au mtu anayemwamini, hajakiona kwa macho. Picha nzuri ya chumba katika mtandao hunakiliwa kwa sekunde moja, na mwenye nyumba "aliyesafiri" ambaye atatuma ufunguo kwa posta baada ya kupokea fedha hayupo. Ni afadhali kijana alale wiki mbili katika bweni la chuo au nyumba ya wageni ya bei nafuu, atafute akiwa palepale.

Kanuni ya pili ni juu ya amana, zile fedha ambazo mwenye nyumba huzishika hadi mpangaji atakapotoka. Miji mingi ina mipaka ya amana iliyowekwa na sheria, ila mgeni haijui. Uingereza ni mfano mzuri. Katika England, tangu Juni 2019, amana ya nyumba ya kawaida isizidi kodi ya wiki tano. Kama kodi ni pauni 600 kwa mwezi, kwa mwaka ni 7,200. Zigawanywe kwa wiki 52, zizidishwe kwa tano, yapatikana kiasi cha pauni 692. Anayedai 1,200 anavunja sheria. Tena fedha hizo lazima ziwekwe katika mfuko wa hifadhi ulioidhinishwa, ndani ya siku 30, na mpangaji aambiwe ni mfuko upi. Siku ya kuingia, kijana apige picha kila kona: ukuta wenye ufa, godoro lenye doa, bomba linalovuja. Picha hizo ndizo zitakazomrudishia amana yake siku ya kutoka.

Kutuma fedha twende haraka. Msitazame ada peke yake. Tuchukulie mnatuma shilingi 1,000,000. Wa kwanza anatoza 20,000 na anauza dola kwa 2,600. Kijana atapata dola 376 na kitu. Wa pili anasema hatozi hata senti, lakini dola yake ni 2,750. Kijana atapata 363. Yule wa "bure" amekula dola 13. Ulizeni swali moja tu: mwanangu atashika ngapi mkononi?

Simu nayo. Ikija sauti ya haraka kwamba kijana amekamatwa au yuko hospitali na fedha zatakiwa sasa hivi, kateni, kisha mpigieni yeye mwenyewe, au mwenzake wa chumba, ambaye namba yake mmeiandika mapema. Wekeni neno la siri baina ya mzazi na mtoto. Jina la utani la bibi linatosha. Namba ya tapeli ya hapa nchini itumwe kwenda 15040, ili Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni za simu ziifuatilie.

Na kama fedha zimekwisha toka? Njooni mapema, na mje na ushahidi: ujumbe wa muamala, barua, mazungumzo ya simu yasiyofutwa. Tunajua kwamba wengi hunyamaza kwa kuona haya, hasa aliyekwisha tangaza safari msikitini. Wakala aliye hapa Zanzibar anayeuza huduma kwa maelezo ya uongo anashitakiwa mbele ya Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyowekwa kwa Sheria Namba 5 ya 2018. Wizi wenyewe ni wa Polisi. Aliyeko nje aende ubalozi wa Tanzania, na tunashauri ajiandikishe huko wiki ile ile aliyofika, asingoje msiba.

Nakala ya pasipoti, viza, mkataba wa mafunzo na mkataba wa chumba zibaki hapa kwa mzazi, kwenye karatasi, kwani simu huibiwa.

Sasa tupokee maswali. Waliovuka kutoka Kisiwa Panza na waanze wao, maana maji yanakupwa.